Picha Namba Arobaini na Mbili

Thobias aliletwa kutoka mahabusu akiwa na kiatu kimoja. Shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba, na kabla ya kuketi aliivuta benchi mpaka mgongo wake ukaegemea ukuta.

"Nani amekupiga?" aliuliza Sajenti Adelfina.

"Wananchi, afande. Kabla polisi hawajaja kuniokoa."

"Saa nane unapelekwa Bukoba. Ukishaondoka hapa, hakuna atakayekuuliza tena habari za kengele uliyofunga. Watakuuliza jambo moja tu, mtoto yuko wapi."

"Mtoto simjui alipo! Nimesema tangu jana mpaka ulimi umekauka."

"Basi niambie unachokijua. Nieleze hiyo kengele."

Ilikuwa Jumatano, saa nne kasorobo asubuhi. Jana yake, kama saa tatu hivi, Zawadi, binti wa miaka saba wa mfanyabiashara Abdulkarimu, alitoweka ndani ya nyumba mpya iliyo kando ya mji wa Ngara. Nyumba hiyo ilikuwa na ukuta wa futi kumi na vipande vya chupa juu yake. Geti halikuvunjwa. Hakuna aliyesikia kelele. Na Zawadi alikuwa mtoto mwenye ualbino. Baba yake aliujenga ukuta ule kwa ajili yake, na kwa ajili yake akamwita fundi kutoka Biharamulo aje afunge kengele ya video nyumba nzima. Kila askari wa kituo kile alijua kwamba mtoto wa aina hiyo akichukuliwa, hatafutwi kwa wiki. Anatafutwa kwa saa. Zilikuwa zimepita karibu ishirini na tano.

Askari wote waliopatikana walikuwa wametumwa mpakani Kabanga, kwa sababu simu ya fundi Thobias ilikuwa na namba tatu za watu wa huko. Kituoni walibaki Adelfina, dereva wake Konstebo Ngassa, na askari mmoja wa zamu.

"Inaitwa intakomu," Thobias alisema. "Getini kuna kitufe na kamera. Ndani kuna skrini tano. Sebuleni, jikoni, chumba cha wazazi, chumba cha wageni na chumba cha mtoto."

"Kwa nini chumba cha mtoto?"

"Tajiri alitaka. Alisema mwanawe asilazimike kutoka hata kwenye korido ili kujua nani amekuja. Amuone akiwa kitandani. Akimjua, abonyeze, geti lifunguke. Asipomjua, anyamaze."

"Na simu yako iliunganishwaje?"

Thobias aliinamisha kichwa. "Niliiunganisha wakati wa kujaribu. Nikasahau kuitoa. Mafundi wengi tunasahau, afande, si mimi peke yangu."

"Wenzangu wanasema ulifungua geti kwa simu, ukamchukua mtoto, kisha ukafuta picha kwa simu hiyo hiyo."

"Kufungua naweza, sikatai. Kufuta siwezi. Picha zote zinakaa kwenye kadi iliyo ndani ya skrini ya sebuleni. Ili kuifuta moja, usimame mbele ya skrini hiyo, uweke kidole juu yake na kuhesabu mpaka tano. Simu inaonyesha tu. Nipe simu yangu nikuonyeshe."

Adelfina aliitoa simu kwenye bahasha ya vielelezo, lakini hakumpa. Alifungua mwenyewe, akafuata maelekezo yake. Picha zilikuwa zimepangwa kwa namba. Ya arobaini na moja ilikuwa ya muuza maziwa, saa moja na nusu asubuhi ya Jumanne. Iliyofuata ilikuwa ya arobaini na tatu, mama wa mtoto, Shamimu, akirudi kutoka msibani saa sita mchana. Ya arobaini na mbili haikuwepo. Adelfina alibonyeza picha moja kwa muda mrefu. Alijaribu nyingine. Hakuna kilichofutika.

"Huyu anaweza kuwa na njia anayoijua mwenyewe," Ngassa alisema kutoka mlangoni.

"Anaweza. Thobias, mgeni akibonyeza kitufe, kengele inalia wapi?"

"Kote. Skrini zote tano zinawaka pamoja, na sauti ya getini inasikika kote. Nyumba nyingine ninawafungia ili anayejibu ndiye asikie peke yake. Tajiri alikataa. Alitaka nyumba nzima isikie."

"Hata jikoni?"

"Hata jikoni."

"Jana saa tatu jikoni kulikuwa na nani?"

"Mimi nitajuaje, afande? Nilikuwa Bugarama nafunga sola."

Adelfina alisimama. "Mtafutie huyu maji," alimwambia askari wa zamu. "Na kiatu."

Nje, Ngassa aliwasha gari mara tatu ndipo likakubali. "Nikujulishe hali halisi, afande. Mafuta ni nusu tangi, tairi la akiba limekufa, na dereva hajanywa chai."

"Dereva atakunywa mtoto akipatikana."

"Basi nitakonda," alisema Ngassa, akaondoa gari.

Sebuleni kwa Abdulkarimu wanaume kama ishirini walikuwa wameketi mkekani wakisoma dua. Shamimu hakuwepo, alikuwa amelazwa hospitali tangu jana jioni, presha imempanda. Abdulkarimu mwenyewe alikaa peke yake karibu na dirisha, kanzu imekunjamana, macho mekundu. Aliyesimama kuwapokea polisi ni mdogo wake, Hatibu, mtu mwembamba wa miaka thelathini na ushei, kofia yake nyeupe imekaa sawasawa kichwani.

"Karibu, dada Adelfina. Karibuni. Kuna habari kutoka mpakani?"

"Bado. Nataka kuiona skrini."

"Ileile ya jana?"

"Ileile."

Ilikuwa ukutani, karibu na saa. Adelfina alishika simu ya fundi kwa mkono mmoja, akaweka kidole cha mkono wa pili kwenye skrini, juu ya picha ya mbuzi wa jirani aliyesukuma kitufe wiki iliyopita. Alihesabu mpaka tano. Picha ya mbuzi ikatoweka. Aliangalia simu. Huko nako ikawa imetoweka.

"Abdulkarimu," alisema, "fundi alikanyaga humu jana?"

"Hapana. Hajaingia humu tangu alipomaliza kazi, wiki mbili zilizopita."

"Basi si yeye aliyefuta picha. Aliyefuta alisimama hapa nilipo."

Dua ilikatika. Abdulkarimu aliinuka polepole, mkono kwenye ukingo wa dirisha. "Unasema ni mtu wa humu ndani?"

"Nasema alisimama hapa, kati ya saa tatu na saa kumi walipokuja askari kutazama picha. Nani aliwafungulia hizo picha?"

"Mdogo wangu."

"Nilizipitisha moja baada ya moja mbele ya askari wenu," alisema Hatibu. "Hiyo namba ilikuwa imeshapotea. Na kabla yao, dada yangu, humu walipita watu hamsini. Kila mmoja alitaka kuigusa, maana kitu kipya. Utawakamata wote?" Alishusha sauti. "Mtoto wetu wanamvusha mpakani, na wewe unachezea kengele."

Mzee mmoja mkekani aliguna kukubali. Adelfina alimwuliza Abdulkarimu, "Nani alikuwepo nyumbani jana saa tatu?"

"Zawadi, chumbani kwake. Na mama Nimpaye, mpishi. Lakini huyo ameshahojiwa mara mbili. Hakuona kitu."

Jikoni palikuwa na joto na harufu ya maharage yaliyoungua. Nimpaye alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, ametoka ng'ambo ya mpaka zamani za vita, ameolewa huku na kuzikia mume huku. Alikuwa akisugua sufuria iliyokwisha kung'aa.

"Shikamoo, mama," alisema Adelfina.

"Marahaba." Nimpaye alishangaa kidogo. Wawili waliomhoji jana hawakuwa wamemwamkia.

"Skrini yenu iko wapi?"

Mpishi alionyesha kwa kidevu. Ukutani, kando ya kabati la vyombo, ilining'inia kanga kuukuu iliyobanwa juu kwa vibanio vinne vya nguo.

"Kwa nini umeifunika?"

"Moshi. Itaharibika."

"Mnapikia gesi, mama."

Nimpaye alirudi kwenye sufuria. Abdulkarimu, aliyekuwa amewafuata, alisimama kizingitini. "Hiyo kanga imewekwa lini? Juzi usiku nilikuja kunywa maji, haikuwepo."

"Niriweka jana," Nimpaye alisema.

"Saa ngapi?" aliuliza Adelfina.

"Sikumbuki, mama. Nirikuwa na maharage."

"Maharage yaliyoungua?"

Adelfina alimtazama Ngassa, akampa ishara ya kichwa kuelekea getini. Ngassa alitoka. Kisha Adelfina alitoa vibanio, kimoja, viwili, vitatu. Nimpaye aliacha sufuria. Alipiga hatua kwenda kulia. Kibanio cha nne kilipotoka na kanga ikaanguka, alipiga hatua nyingine, mpaka bega lake likagusa mlango wa stoo, mahali ambapo skrini isingeweza kumtazama hata kama ingekuwa na macho.

Kengele ililia. Nyumba nzima iliimba mara moja, na sura ya Ngassa ikajaa kwenye skrini, pua kubwa kama andazi.

"Hodi hodi!" alisema Ngassa. "Mnasikia?"

Nimpaye alikuwa ameshachuchumaa sakafuni nyuma ya kabati, amejifunika uso kwa viganja viwili.

Adelfina alichuchumaa naye. Aliacha Kiswahili. Alizungumza Kihangaza cha mama yake, ambacho na Kirundi cha Nimpaye vinaelewana kama ndugu wa titi moja.

"Mama, unamwogopa askari wangu?"

"Simwogopi."

"Mbona umejificha?"

"Asinione."

"Unadhani anakuona?"

"Mimi namwona. Yeye atakosaje kuniona?" Nimpaye alitoa mkono usoni. "Fundi mwenyewe alisema, siku ile anafunga. Nilimwuliza. Akacheka, akasema, ukimwona naye anakuona, kwa hiyo ujipake mafuta kabla ya kuja hapa. Wote walicheka."

Adelfina alisimama, akamshika mkono. "Twende getini. Nataka uone kitu."

Walipita uani, si sebuleni. Nje ya geti, Adelfina alimwambia Ngassa aingie jikoni, asimame mbele ya skrini, na afanye vituko vyote alivyofundishwa kwao Shinyanga. Kisha akamsimamisha Nimpaye mbele ya kitufe.

"Bonyeza."

Mwanamke alibonyeza kwa ncha ya kidole, kama anayegusa jiko. Kengele ililia ndani.

"Ngassa yuko mbele ya skrini sasa. Unamwona?"

Nimpaye alitazama. Palikuwa na kitufe, matundu ya sauti, na kioo cheusi kidogo kuliko kifuniko cha chupa ya soda. Alikisogelea. Alikipangusa kwa kanga. Alikwenda upande wa pili wa nguzo kutazama kama kuna kitu nyuma, akarudi.

"Hakuna mtu," alisema.

"Hakuna. Wa ndani anamwona wa nje. Wa nje hamwoni yeyote. Fundi alikutania."

"Lakini yeye aliniangalia. Jana. Alikuja karibu hivi, akanikazia macho, akaweka vidole hapa." Nimpaye aligusa paji la uso wake, mahali upindo wa kofia unapokaa. "Alikuwa ananionya."

"Alikuwa anajitazama, mama. Kioo ni cheusi, watu wote wanajitazamia hapo. Alikuwa anaweka kofia sawa."

Nimpaye aliteleza na nguzo mpaka akaketi chini. "Kwa hiyo hakuniona," alisema.

"Hakukuona. Hajui kwamba unajua. Ni nani?"

"Yeye ndiye aliyenitafutia karatasi za kukaa huku. Aliniambia siku moja, nilizozitafuta naweza kuzichana."

"Ni nani, mama?"

"Hatibu."

"Ulimwona akimchukua?"

"Nilimwona akisema, Zawadi, ni mimi baba mdogo, nifungulie. Geti likalia, likafunguka. Nikakifunika kile kitu kwa kanga, nikakaa chini na maharage yakaungua. Nilidhani amekuja kutembea tu. Nilipomwita mtoto aje kula, hakuwepo. Na yeye Hatibu akarudi na watu, analia kuliko wote."

"Alikuja na nini?"

"Nyuma yake kulikuwa na bajaji ya mizigo, ile yenye mapipa ya bluu. Ya Fideli wa Murusagamba, muuza urwagwa. Tunamjua sote, ndiye anayeleta pombe ya ndizi pale stendi. Nikajiuliza, Hatibu na pombe wapi na wapi? Mtu wa swala tano."

Adelfina alikuwa ameanza kuandika. Ndipo alipoona, pembezoni mwa kitufe, pete ya taa ya kijani. Ilikuwa bado inawaka, na sauti ya getini bado inaingia ndani.

Nyumba nzima isikie. Ndivyo tajiri alivyotaka. Na hakuna mtu aliyezaliwa Ngara, awe wa asili ya pwani au ya wapi, asiyesikia Kihangaza.

Alikimbia. Alipovuka uani alisikia viatu vya Ngassa vikitoka jikoni kwa kishindo. Sebuleni wanaume walikuwa wamesimama, vitabu mkononi, wamekodolea macho ukutani. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Kwenye ngazi za nje Ngassa alikuwa amemlalia Hatibu mgongoni, na simu ilikuwa imeruka mpaka kwenye maua.

Adelfina aliiokota. Simu ya mwisho kupigwa: Fideli M. Sekunde kumi na moja.

"Umemwambia nini?"

Hatibu alikuwa na udongo mdomoni. Kofia yake ilikuwa imeanguka. "Mmechelewa," alisema.

"Yuko hai?"

Hatibu alitema udongo.

"Hatibu. Yuko hai?"

Abdulkarimu alifika. Hakupiga kelele. Alimtazama mdogo wake aliye chini, kisha akamtazama Adelfina, kama mtu anayesubiri kuambiwa kwamba amesikia vibaya. "Nilimpa ufunguo wa duka," alisema. "Nilimpa ufunguo wa duka na wa gari. Wa hapa tu ndio hana."

Nyuma yake wanaume walianza kusogea. Mmoja alikuwa tayari ameshika tofali.

"Ngassa, mpandishe garini. Mfunge pingu kwenye chuma cha kiti."

"Nakuja nanyi," alisema Abdulkarimu.

"Huji. Ukija utamuua huyu njiani, na mimi nahitaji mdomo wake. Kaa na mama Nimpaye. Asiguswe na mtu. Bila yeye tungekuwa mpakani bado."

Barabara ya Murusagamba ni mashimo yaliyounganishwa na vumbi. Adelfina alimpigia mkuu wa upelelezi aliyekuwa Kabanga, akamweleza kwa maneno machache. Mkuu alitukana mara moja, kisha akasema anageuza magari, ila yatachukua muda. Alimpigia mtendaji wa kata. Hapatikani. Alipiga tena. Hapatikani. Walipita Bugarama, alikozaliwa, na hakutazama upande wa nyumba ya mama yake.

Alimgeukia Hatibu mara tano njiani.

"Fideli amemficha wapi? Nani anakuja kumchukua? Lini?"

Hatibu alitazama dirishani. Kila gari lilipoingia shimoni pingu ilimkata, na hakulalamika.

"Mtoto alikufungulia geti mwenyewe," alisema Adelfina. "Alikuona akiwa kitandani kwake, akabonyeza."

Mara hiyo Hatibu alifumba macho.

Ilikuwa saa saba na dakika kumi walipofika kwa Fideli, bondeni, migomba imebanana pande zote. Bajaji ya mizigo haikuwepo. Nyumba ilikuwa wazi, kikombe cha uji juu ya meza bado kina uvuguvugu. Ngassa aliingia kila chumba, akapindua kitanda, akafungua ghala. Adelfina alifunua mapipa moja baada ya jingine. Matano yalikuwa na pombe. La sita lilikuwa tupu, limekaushwa, na chini yake kulikuwa na kandambili moja ya mtoto, ya rangi ya waridi.

"Zawadi!" aliita Ngassa. "Zawadi, sisi ni polisi! Baba amekutuma!"

Migomba ilitikisika kwa upepo. Hakuna aliyejibu.

"Amemhamisha," alisema Ngassa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake haikuwa na utani. "Afande, amekwenda naye. Ameambiwa akimbie, amekimbia naye."

"Zawadi!" aliita Adelfina. Alizunguka banda la kukamulia ndizi. Aliita tena na tena, mpaka sauti ikapasuka. Walisimama kusikiliza. Kuku tu.

Ngassa alikuwa anarudi garini. Adelfina alibaki nyuma ya banda, mikono kiunoni, akihema. Mbele yake yalikuwa mashimo ya kuivishia ndizi, matatu mfululizo, yamefunikwa majani na udongo kama makaburi mafupi. Alikuwa ameyachimba mengi ya namna hiyo utotoni. Unachoma moto shimoni mpaka kuta zipate joto, unatandika majani, unapanga ndizi mbichi, unafunika na kukandika udongo pasipenye hata pumzi, siku nne. Mama yake alikuwa akimchapa akiacha tundu la kupita sindano. Shimo likipata hewa, ndizi haziivi, na hakuna pombe.

Shimo la kwanza udongo wake ulikuwa umekauka na kupasuka. La pili vilevile. La tatu udongo ulikuwa mweusi, mbichi. Na pembeni, katikati ya majani, lilichomoza bomba la plastiki lenye urefu wa kiganja.

"Ngassa! Jembe!"

Hakungoja jembe. Alipiga magoti akachimba kwa kucha. Aliweka mdomo kwenye bomba. "Zawadi. Zawadi, mwanangu, itika." Aliweka sikio. Hakusikia kitu. Ngassa alifika, akaanza kukwangua udongo kwa bapa la jembe ili asimkate aliye chini, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta.

Majani. Tabaka jingine la majani. Kisha mbao tatu. Waliziinua pamoja.

Alikuwa amejikunja ubavuni, magoti kifuani, gauni limelowa. Ngozi ya mikono ilikuwa na malengelenge ya joto la shimo. Jua la saa saba lilimpiga usoni, akabana macho na kujikunja zaidi. Ngassa alivua kofia yake ya polisi akamwekea kichwani. Adelfina alimvuta kwa makwapa, akamketisha mapajani, akampa maji kwa kiganja, kidogo, kidogo. Mtoto alikunywa. Alikohoa. Alikunywa tena.

Gari lilikuwa hatua ishirini kutoka hapo, mlango uko wazi, na Hatibu ameketi ndani, mkono umeinuliwa na pingu. Aliweza kuona kila kitu. Macho ya Zawadi hayakuwahi kuona mbali, na kwa mwanga ule hayakuona hata migomba.

"Tumekuita sana," alisema Adelfina. Sauti yake ilikuwa imebaki nusu. "Tumekuita mpaka tukachoka. Mbona hukuitika, mama?"

"Baba mdogo alinikataza." Midomo ilikuwa imepasuka, na alisema taratibu kama anayesoma ubaoni. "Alisema kuna watu wabaya wananitafuta, wataniita kwa jina. Nisimwitikie mtu. Yeye ndiye atakuja kunitoa."

Alishika kofia kwa mikono miwili, akageuza uso huku na huku, akitafuta.

"Amekuja? Mwambieni sikuitika hata mara moja."